Mrejesho hauuzwi kwa jumla

Siku hizi ukishika simu dakika tano tu lazima ukutane na tangazo la kozi ya biashara. Wiki sita, masomo yote yamesharekodiwa, unalipia kwa simu unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia nne, na sasa kimeongezeka kitu kipya, mshauri wa akili mnemba, yaani AI, anayejibu usiku na mchana bila kuchoka. Walimu nao wameanza kuambiwa hivohivo, kwamba kuna programu itakayosahihisha insha za darasa zima kabla chai haijapoa. Watu wamegawanyika. Wapo wanaoshangilia kwamba sasa kijana wa Kibondo atapata alichokuwa anapata mtoto wa Masaki, na wapo wanaolia kwamba mashine imekuja kula ugali wa mwalimu na wa kocha. Mimi naona pande zote mbili zinagombania kitu ambacho sicho. Wanabishana nani anajua zaidi, mtu au mashine, wakati kinachomfanya mwanafunzi aandike vizuri zaidi mwezi ujao, au mama wa genge abaki na hela zaidi mfukoni, mara nyingi hakihusiani kabisa na wingi wa maarifa ya anayemfundisha. Kuna mtu ameiangalia kazi yake, ile aliyoifanya jana, akamwambia hapa pamekaa sawa na hapa pameharibika, afu akarudi tena kuona kama pamerekebishwa. Hiyo ndo bidhaa yenyewe, na hayo mengine yote, video na vitini na vyeti, ni kifungashio.

Shuleni tunaita mrejesho, mtaani wengine wanasema fidibaki, na shida inaanzia hapo maana neno limechanganywa na ushauri mpaka watu hawaoni tofauti. Ushauri anaweza kukupa yeyote anayelijua jambo, hata kama hajawahi kukuona. Weka kumbukumbu za mauzo, jali mteja, soma vitabu vingi, ni maneno ya kweli na yanamfaa kila mtu kwa kiasi kilekile kidogo. Mrejesho hauwezekani mpaka kazi yako iwe mezani. Nenda kwa fundi cherehani yeyote mwenye vijana anaowafundisha uone, hana somo la nadharia, anampa kijana kitambaa akashone kola, kijana anarudi nayo, fundi anaigeuza, anavuta uzi kwa kucha, anasema hapa ulikuwa unavuta kitambaa wakati sindano inatembea ndo maana pamekunjamana, fumua. Kijana anafumua, anashona tena, anarudi. Hilo "fumua" ndo somo, na lina nguvu kwasababu wote wawili wanajua kwamba baada ya nusu saa ile kola itakuwa tena mikononi mwa fundi.

Sasa linganisha na daftari la mtoto. Nimefundisha sekondari miaka kadhaa na nayajua maneno tuliyokuwa tunaandika chini ya insha kwa wino mwekundu: Vema. Jitahidi. Ongeza bidii. Ukiwa na mikondo minne na kila mkondo una watoto 70, hizo ni insha 280, na ukitaka kumpa kila mmoja dakika tano tu unahitaji masaa 23 ambayo hakuna aliyekupangia kwenye ratiba, kwahiyo unaandika "ongeza bidii" kwa aliyekosea upatanisho wa sarufi, unaandika hivohivo kwa asiye na hoja, unaandika hivohivo kwa yule ambaye siku ile alikuja bila kula. Mtoto anaangalia alama, anafunga daftari, basi. Mtafiti Ruth Butler alilipima hili kwa watoto wa shule huko Israel, matokeo yakachapishwa 1988. Kundi moja lilipewa alama tupu, la pili likapewa maoni tupu kuhusu kazi yenyewe, la tatu likapewa alama pamoja na maoni. Waliosonga mbele ni wale wa maoni tupu. Wale wa vyote viwili waliishia palepale na wenzao wa alama, na mwalimu yeyote hashangai, mtoto akishaona 38 macho hayashuki tena kusoma kilichoandikwa chini.

Januari 2023 NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, walipoacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora palikuwa na kelele kubwa, wengine wakasema ushindani umeuawa. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Ila tuliishia katikati ya njia, tulipunguza sauti ya alama bila kuweka kitu chochote mahali pake, na mzazi mwisho wa muhula bado anapokea karatasi ya namba na sentensi moja ileile iliyokuwepo enzi za baba yake, ana uwezo ila anacheza sana. Anacheza wapi, kwenye somo gani, na akiacha kucheza aanze na nini, hapaandikwi.

Kwa upande wa biashara ushahidi mzuri zaidi ninaoujua umetoka jirani tu, Dandora, Nairobi. Wachumi Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwafuatilia wanawake 372 wenye biashara ndogo na changa, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipelekwa darasani kufundishwa biashara, baadhi waliunganishwa na mwanamke wa palepale mtaani ambaye biashara yake imeshakomaa wakawa wanakutana na kuongea, na wengine waliachwa waendelee kama kawaida. Ripoti ilitoka 2018. Waliokaa darasani faida yao haikusogea, waliopata mwenzao mzoefu walipata faida kama asilimia 20 zaidi kwa wastani. Na kilichowasaidia sanasana sio siri kubwa ya biashara, ni kwamba yule mzoefu aliangalia mwenzake ananunua wapi mzigo, akamwambia unapigwa, twende kwa fulani. Hakuna silabasi inayojua duka lipi la jumla kule Dandora linauza nafuu. Anajua aliyesimama kwenye genge lako akauliza hii umechukua kwa nani.

Nilishaliona hili kwa macho yangu. Kuna mama anauza supu na chapati asubuhi nilikuwa namfuatilia, ameshahudhuria semina tatu, daftari lake la mauzo safi kuliko la wengi ninaowajua, na kwa mujibu wa daftari anapata faida, lakini hela haionekani. Nilikaa naye kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Kwenye saa moja unga ukapungua, mtoto akatumwa duka la jirani akaleta kilo mbili bila kulipa, watalipana jioni. Nikauliza bei. Ilikuwa zaidi ya shilingi 200 juu kwa kila kilo ukilinganisha na mfuko mzima, na ilikuwa inatokea karibu kila siku, na haikuwa kwenye daftari kwasababu kichwani mwake ule haukuwa mkopo wala ununuzi, ulikuwa ni ujirani. Angeniletea lile daftari ofisini nisingeona kitu. Mashine nayo isingeona, wala profesa, maana mama mwenyewe asingetaja asichojua kwamba kipo.

Hapo ndo naomba tuongee kuhusu akili mnemba kwa haki. Kenya hiyohiyo ulifanyika utafiti mwingine, Nicholas Otis na wenzake waliwachukua wajasiriamali 640, baadhi wakapewa mshauri wa GPT-4, programu ya akili mnemba, ndani ya WhatsApp, unaandika shida yako anakujibu. Kwa wastani haikuonekana tofauti yoyote. Watu wengi waliishia hapo, wakasema si tuliwaambia, mashine haina kitu. Lakini ukiufungua ule wastani unakuta mambo mawili yaliyokuwa yanavutana: waliokuwa wanafanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa asilimia 15 na zaidi, na waliokuwa wanasuasua walishuka, kama asilimia 8 hivi. Mshauri ni yuleyule. Tafsiri yangu ni hii, aliyeshajua biashara yake anaweza kuchuja, anapewa mawazo matano anatupa manne, anabaki na moja linaloingia kwenye duka lake. Asiyejua bado hana chujio, anachukua "punguza bei uvutie wateja" anaenda kupunguza bei kwenye bidhaa ambayo tayari ilikuwa haimpi faida. Na hayupo mtu wa kurudi wiki ya pili kumwambia simama, rudisha bei. Kwahiyo kile kinachosemwa kwamba akili mnemba itamwinua aliye chini ndo hasa kilichokosekana kwenye ushahidi huu, walionufaika ni waliokuwa na uwezo wa kujisahihisha wenyewe.

Wanaotetea mashine wana hoja nzito mbili na sitaki kuzipitia juujuu. Ya kwanza, wanasema mashine nayo inaiona kazi yako, ukibandika insha inasoma insha yako mstari kwa mstari, sasa tofauti iko wapi? Kweli, na kwa insha nakubali. Ikimwonyesha mtoto kwamba aya ya pili imerudia ya kwanza na kwamba "kitabu yangu" sio sahihi, tayari imempa zaidi ya nilichokuwa nampa mimi kwa wino mwekundu kwenye daftari la 200. Ningekuwa bado darasani ningeitumia kwa rasimu ya kwanza ili nguvu zangu nizitunze kwa rasimu ya pili. Ila inaona kile tu ulichochagua kuionyesha, na insha ipo yote kwenye karatasi lakini biashara haiko yote kwenye daftari, wala mtoto hayuko wote kwenye insha. Afu kuna suala la kurudi. Mashine haikufuati, wewe ndo unaifuata, na anayehitaji kufuatwa kuliko wote ni yule ambaye hatarudi mwenyewe.

Hoja ya pili ni ya idadi. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016 madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kumtazama kila mtoto, hiyo ni hesabu na hesabu haibishaniwi. Benjamin Bloom kule Marekani aliandika 1984 kwamba mwanafunzi wa kawaida akifundishwa peke yake na mwalimu wake, mmoja kwa mmoja, anawapita karibu wote wa darasa la kawaida, asilimia 98, na swali lake likawa tutapataje matokeo hayo kwa watoto wengi pamoja. Tafiti za baadaye zimeipunguza sana ile namba lakini swali limebaki. Mimi nasema jibu moja tunalo siku nyingi na tumelizoea mpaka hatulioni. Pita chuoni, namaanisha chuo cha Kurani, mwambao wote huu kuanzia Lamu mpaka Kilwa. Mwalimu mmoja, watoto hamsini sitini, kelele mpaka barabarani, na bado mtoto haruki sura kabla hajaisoma mbele ya mtu akasikilizwa. Mwalimu hawasikilizi wote, hawezi. Waliotangulia wanawasikiliza walio nyuma yao, mwalimu anawasikiliza waliotangulia, na akipita anaweka sikio hapa na pale. Ukikosea herufi unarudishwa hapohapo, sio mwisho wa muhula. Sisemi kila kitu cha chuoni kihamishiwe shuleni, viboko vibaki huko huko kwenye historia, nasema kile kitendo cha kusikilizwa mmojammoja kimewezekana kwenye msongamano kwa vizazi na vizazi bila umeme. Kinachohitajika ni wanafunzi kufundishwa namna ya kuangalia kazi ya mwenzao, na hilo halifundishwi, tunawaambia tu badilishaneni madaftari msahihishe.

Kuna jambo linalowasumbua hata wenzangu tunaoamini mrejesho, nalo ni kwamba mrejesho unaweza kuharibu. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo zaidi ya 600 ya tafiti mwaka 1996, wakakuta kwa wastani mrejesho unasaidia, lakini kwenye zaidi ya theluthi moja ulimshusha mtu badala ya kumpandisha. Theluthi ni nyingi sana. Na maelezo yao yanaingia kabisa kwenye maisha yetu, kwamba kadiri maneno yanavyomwelekea mtu mwenyewe na kuiacha kazi, ndo yanavyopoteza faida. "Wewe kichwa chako kizito." "Huna akili ya biashara." Hata sifa inafanya hivohivo, "wewe ni jiniasi" haimwambii mtoto arudie nini kesho. Tunapousifia mrejesho binafsi, hilo neno binafsi linatupotosha. Mrejesho binafsi maana yake umelenga kazi ya mtu mmoja badala ya kundi, haina maana umelenga nafsi yake. Fundi cherehani alisema pamekunjamana, hakusema mikono yako mibovu. Makocha wengi wa biashara ninaowaona mtandaoni wamekwama hapo, mtu analeta hesabu zake zinavuja anajibiwa badilisha mindset, anajibiwa una roho ya umaskini. Huyo hajapewa mrejesho, amepewa hukumu, na akiondoka anaondoka na aibu juu ya hasara.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, ni ile kwamba maarifa yapo bure YouTube, asiyefanikiwa ni mvivu hana nidhamu. Inasikika kama ukali wa kiungwana lakini haisimami hata kidogo. Wale wanawake wa Dandora waliokwenda darasani hawakuwa wavivu, walienda, walikaa, walifundishwa, na maarifa waliyapata, faida ikabaki ilipo. Mama wa chapati alihudhuria semina tatu na anaamka saa tisa usiku, nani atamfundisha nidhamu? Asichokuwa nacho ni jicho la pili. Na hakuna anayejiona mgongo wake mwenyewe, hata aliyesoma, ndo maana daktari akiumwa anaenda kwa daktari. Kumwambia mtu akasome zaidi wakati shida yake ni kutoonwa ni kumuongezea mzigo afu kumlaumu kwa uzito wake.

Ukikubali haya, baadhi ya mambo inabidi yabadilike, na yanaanzia kwenye pesa. Kocha mwenye watu 400 akitaka kuangalia hesabu za kila mmoja kwa robo saa tu anahitaji masaa 100, na hiyo ni mara moja. Kwahiyo ama haangalii, ama ana wasaidizi wa kutosha aseme ni kina nani. Mteja ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa: kazi yangu utaiona lini, nani ataiona, na mtarudi kuitazama lini tena. Kocha anayechukua watu kumi na kuwatembelea anapaswa kulipwa zaidi ya mwenye video, na asione aibu kusema bei yake, maana anauza kitu ambacho hakizalishwi kwa wingi.

Shuleni mabadiliko ni ya aina nyingine. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wanapokuja wanaangalia maandalio ya somo, maazimio ya kazi, na idadi ya mazoezi yaliyotolewa na kusahihishwa. Mwalimu anayejua kwamba anahesabiwa mazoezi atatoa mengi na kuyatia vema vema ya haraka. Mtaala mpya ulioanza kuingia 2024 unazungumza sana kuhusu umahiri, na umahiri hauji kwa insha nane zilizoandikwa mara mojamoja, ni bora insha tatu ambazo kila moja imeandikwa, imesomwa, imerudishwa, imeandikwa upya. Mthibiti akifungua daftari aangalie kama rasimu ya pili inatofautiana na ya kwanza, hicho ndo kipimo, na hakihitaji bajeti mpya wala kompyuta.

Lakini ninapoumia zaidi ni kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024 na taratibu mpya, na mjadala wote ukawa ni vikundi hewa na nani anarejesha. Nimekaa kwenye mafunzo ya vikundi kabla ya kupewa hela, siku mbili ukumbini, chai na maandazi, picha ya pamoja, basi. Baada ya hapo anayekuja anakuja kudai rejesho, hakuja kuangalia biashara. Kundi la vijana wa kufyatua matofali halijui kwamba linapoteza hela kwenye mchanga mpaka siku linaposhindwa kulipa, na siku hiyo linaitwa la wadanganyifu. Tuna maafisa maendeleo ya jamii mpaka ngazi ya kata. Wapunguziwe semina, wapewe nauli, na kila kikundi kitembelewe eneo la kazi mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu, na afisa anaporudi mara ya pili awe ameshika karatasi aliyoiandika mara ya kwanza, akae na wale vijana kwenye matofali yao, waisome pamoja.